Stagg wa Chicago: profesa aliyeshika kila mchezo

William Rainey Harper, mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago, alipomwajiri Amos Alonzo Stagg mwaka 1892, alimpa kitu ambacho makocha wa Marekani hawakuwa nacho: cheo cha profesa mshiriki na ajira ya kudumu. Kwingineko timu za vyuo ziliendeshwa na wanafunzi wenyewe, au na kocha wa kukodiwa msimu ukianza na kuagwa ukiisha.

Kazi aliyoibeba leo ingegawanywa kwa watu wanne. Alifundisha futiboli ya Kimarekani misimu 41, besiboli karibu miaka 20, riadha tangu 1896 hadi 1928, na mpira wa kikapu msimu mmoja. Kikapu chenyewe alikiona kikizaliwa. Machi 1892 huko Springfield, Massachusetts, katika chuo alichokuwa akifundisha, walimu walicheza na wanafunzi mbele ya watazamaji kwa mara ya kwanza, wakachapwa 5–1. Bao pekee la walimu lilikuwa lake.

Wanaomsifu wana hoja nzito. Kocha anayemwona kijana kwenye besiboli masika na kwenye futiboli vuli anamjua kuliko anayemkodolea macho miezi mitatu tu. Tena Stagg aliyaishi aliyoyahubiri: akiwa mrushaji mpira hodari pale Chuo Kikuu cha Yale, alikataa fedha za timu za besiboli ya kulipwa. Ila tusimfanye kuwa na vipaji vya ajabu. Michezo mingi ilikuwa bado michanga, mbinu zake zikibuniwa uwanjani, na mtu mmoja mwenye akili angeweza kuishika yote. Miaka 30 baadaye isingewezekana.

Mimi nasitasita zaidi kwenye suala la cheo. Lengo lililotajwa lilikuwa kuifunga michezo kwenye elimu. Lakini Harper alikuwa anajenga chuo kipya na alitaka kisikike haraka, na futiboli ilisikika kuliko maabara. Siku ya Shukrani, sikukuu ya Marekani ya mwezi Novemba, mwaka 1905, Chicago iliifunga timu ya Chuo Kikuu cha Michigan 2–0, Michigan ambayo ilikuwa imecheza mechi 56 bila kupoteza. Shujaa wa timu alikuwa Walter Eckersall, fundi wa kupiga mpira kwa mguu, ambaye mwishowe aliondoka chuoni bila shahada. Ukimpima Stagg kama kocha, huo ni ushindi mkubwa. Ukimpima kama profesa, mwanafunzi wake maarufu kuliko wote alitoka mikono mitupu, na lawama hiyo haiwezi kutupiwa kijana peke yake. Wala haisaidii kusema vyuo vingine vilifanya vibaya zaidi. Ni kweli, lakini vingine havikudai kwamba kocha wao ni mwalimu kama wa hisabati.

Fedha nazo zina neno. Viingilio vya uwanjani viliipa idara yake nguvu ambayo idara ya Kigiriki isingeiota, na mwenye fungu lake haulizwi sana. Mtu aliyechukia michezo ya kulipwa ndiye aliyesaidia kuwaonyesha wakuu wa vyuo kwamba Jumamosi moja ya futiboli inalipa. Sidhani alikuwa mnafiki. Aliamini kabisa kwamba fedha ikipita mikononi mwa mcha Mungu kama yeye inatakasika.

Hata hivyo, ajira ile ilikuwa na upande wake mzuri. Baada ya ubingwa wa kanda wa 1924, timu ilishuka, na katika misimu 8 iliyofuata ni mmoja tu uliokuwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Kocha wa leo asingevumiliwa hata miwili. Yeye aliendelea kufundisha vijana wa kawaida bila kuogopa kelele za jukwaani, na hapo ndipo alipofanana na mwalimu kuliko wakati wowote wa enzi za vikombe. Kilichomwondoa ni kanuni ya kustaafu akifikisha miaka 70, iliyosimamiwa na mkuu mpya, Robert Hutchins. Stagg akahamia California, akafundisha futiboli College of the Pacific hadi 1946. Chicago ilifuta timu yake ya futiboli mwaka 1939.