Jani Moja Lina Uwezo Gani wa Kutaja Mmea wa Kale?

Mti huangusha majani kwa maelfu, ilhali maua yake huoza upesi. Ndiyo maana katika tabaka za matope yaliyotuama ziwani na kugeuka mwamba, kisukuku (mabaki ya kiumbe yaliyohifadhiwa mwambani) kinachopatikana mara nyingi ni jani, tena limetengana na tawi lake. Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu iwapo umbo la jani hilo na mtandao wa vishipa vyake vinatosha kuupa mmea jina la spishi.

Wanaotilia shaka wana hoja nzito. Edward Berry, mtaalamu wa visukuku vya mimea, mwanzoni mwa karne ya 20 alielekeza majani mengi ya Eosini (kipindi cha takriban miaka milioni 56 hadi 34 iliyopita) ya kusini-mashariki mwa Marekani kwenye jenasi, yaani makundi ya spishi zenye undugu wa karibu, za mimea iliyo hai leo, hasa kwa kufanana kwa sura ya nje. David Dilcher na wenzake walipoyapima upya baadaye, utambuzi mwingi ulianguka. Sura ya nje hudanganya kwa urahisi: kwenye mforosadi mmoja utakuta jani zima lisilo na mkato wowote na, pembeni yake, jingine lililogawanyika kama kiganja chenye vidole. Majani ya juani nayo huwa madogo na manene kuliko ya kivulini, hata yakiwa ya mti uleule. Anayepata majani hayo mwambani, moja moja, anaweza kuyaita spishi mbili bila kujua kwamba ameugawa mti mmoja.

Hata hivyo, kuishia hapo ni kulionea jani. Leo Hickey alipopanga istilahi za muundo wa majani mwaka 1973, alihamisha macho ya watafiti kutoka kwenye umbo la jumla hadi kwenye vishipa. Chukua lenzi ufuate kishipa kimoja cha pembeni kuanzia mshipa mkuu. Katika baadhi ya mimea huenda moja kwa moja hadi kwenye jino la ukingo na kukomea hapo. Katika mingine hupinda kabla ya kufika ukingoni, kikaungana na kishipa cha juu yake kwa tao. Kati yake kuna vishipa vya daraja la tatu, vinavyoweza kupangika kama vipago vya ngazi au kutawanyika ovyo, na ndani yake vijumba vidogo vya daraja la nne na la tano. Katika ngazi hizi za ndani, naona, ndimo ushahidi unamoanza kuwa na uzito, mradi mwamba uwe laini kiasi cha kuuhifadhi.

Kompyuta nazo zimeingia katika mjadala. Mwaka 2016, Peter Wilf na wenzake walitangaza programu iliyofunzwa kwa mkusanyiko wa picha 7,597 za majani yaliyosafishwa ili vishipa vionekane, ikaweza kutaja familia sahihi (kundi pana linalojumuisha jenasi), kati ya 19, kwa takriban 72%. Ni mafanikio ya kweli, lakini tusome vizuri kilichopimwa: yalikuwa majani ya mimea ya leo, na jawabu lilikuwa familia, si spishi.

Mifano miwili inanielekeza upande mmoja. Shigeru Miki aliitenganisha Metasequoia, jenasi ya miti yenye koni, mwaka 1941 kutoka katika visukuku vilivyokuwa vikihesabiwa Sequoia au Taxodium, jenasi nyingine za miti ya aina hiyo. Alitazama majani yanayokabiliana kwa jozi, lakini pia koni, yaani viungo vinavyobeba mbegu. Naye Steven Manchester alionyesha kuwa majani ya kisukuku yaitwayo Macginitiea, yanayofanana mno na ya Platanus, jenasi ya miti iliyopo hadi leo, yalikuwa ya mmea wenye maua na matunda tofauti na ya Platanus wa leo. Kwa hiyo jani lenye vishipa vilivyohifadhiwa vyema linaweza kutupeleka hadi familia, pengine jenasi. Jina la spishi linaloegemea jani pekee nalisoma kama jina la jani hilo, hadi tunda, ua, au ngozi ya nje yenye vitundu vya hewa ipatikane nalo. Na zipo kazi zisizohitaji jina kabisa: Bailey na Sinnott walionyesha tangu 1915 kwamba katika misitu ya joto spishi nyingi zaidi za miti zina majani yasiyo na meno ukingoni, na uwiano huo bado hutumika kukadiria joto la kale kwa majani ambayo hakuna ajuaye ni ya mti gani.