Baba kanipa cheo kiwanja cha ndege

Baba yangu alikuja kutoka Tukuyu kupima macho. Siku mbili, alisema. Huu mwezi wa tatu, macho yanaona vizuri kuliko yangu, na kiti changu mbele ya televisheni nimeshakisahau.

Jumapili, baridi ya Mbeya ikiwa imetufunga ndani na mablanketi, kijana wangu wa fomu tuu akachomeka flashi. Filamu ya Kimarekani, Big Fish, ya mwaka 2003. Mzee mmoja wa Alabama ana hadithi zisizoingia kwenye fuso: mchawi mwenye jicho linalokuonyesha utakavyokufa, samaki mkubwa aliyemnasa kwa pete yake ya ndoa siku mtoto wake anazaliwa. Mtoto mwenyewe kakua, hizo habari zimemchosha, wamenuniana miaka mitatu. Nikasema moyoni, ndugu yangu huyo, tumepishana mama tu.

Mjukuu akawa anamtafsiria babu yake. Alipofika kwenye samaki, baba akasonya.

"Hicho ni kidagaa. Pale Matema, mbasa wa namna hiyo tulikuwa tunamrudisha ziwani akakue."

Likatokea jitu. "Huyu nilikuwa naye TAZARA." Yakaja maua ya njano uwanja mzima, kijana anambembelezea mchumba. "Hapo ni Kitulo, kwenye hifadhi ya maua. Wamechuma bila kibali."

Kufikia hapo mtafsiri alishageuka mgongo, anamsikiliza babu. Marekani ikabaki inaongea peke yake.

Hiyo TAZARA nayo ina mambo. Reli ina kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975, na baba kweli alibeba kokoto. Miezi mitatu. Lakini kila Krismasi anaongeza kipande. Nikiwa mdogo alikuwa amejenga Uyole tu. Krismasi iliyopita alifika Makambako peke yake, Wachina wanamchemshia chai.

Na kile kimondo cha Mbozi anasema alikisikia kikianguka, akiwa anachunga ng'ombe. Nikamwambia, baba, wazungu walikikuta pale mwaka 1930, wewe umezaliwa 1951. Hakupepesa macho. "Chuma kizito kile. Sauti yake ilichelewa kufika Tukuyu."

Sasa utabishana na mtu wa hivyo?

Hayo lakini nimeyazoea. Yule kijana wa Alabama ananishangaza, analia nini? Baba yake anajisifia mwenyewe. Wangu ananisifia mimi, na gharama nalipa mimi.

Mimi naendesha bajaji. Nachukua watu kiwanja cha ndege cha Songwe nawashusha Mbalizi, wengine nawafikisha mjini kama mvua haijaniharibia plagi. Baba akirudi kijijini anasema nini? "Mwanangu yuko Songwe, anasafirisha abiria wa ndege." Umtafutie uongo hapo. Hakuna! Kila neno kweli, na Rungwe nzima inajua mimi ni bosi.

Basi wanakuja. Mmoja na vyeti vya mtoto kwenye bahasha ya kaki. Mwingine anataka tiketi ya Dar "ile ya familia". Mama mmoja alinikuta kwenye foleni nimelala kwenye bajaji, miguu nje, akawaambia wenzake kwa heshima kabisa: tazameni, bosi anakagua vyombo.

Juzi kaja mzee na jogoo kwenye kikapu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, meneja."

Ana mpwa wake, anaomba nimsaidie. Hataki makubwa. "Hata kuongoza ndege tu, baba. Kuendesha atajifunza taratibu."

Nikavuta pumzi. Nikasema leo leo namweleza ukweli huyu mzee wa watu, bajaji hii hapa nje, aione, aishike usukani, yaishe. Ile nafungua mdomo, nikagundua jogoo simsikii tena. Mke wangu hayupo sebuleni. Huko uani, sufuria ikalia.

"Mwambie aje na vyeti," nikasema. "Nitaongea na rubani."

Mzee akaondoka akinishukuru hadi getini. Nikageuka, baba yuko kwenye kiti changu, kavua miwani mipya, ananitazama kwa huzuni.

"Mwanangu," akasema, "uongo huu umejifunza wapi?"