Si jua peke yake linaloivisha tende
Kwamba jua peke yake ndilo linaloivisha tende, kama makala moja inavyodai, sikubali hata kidogo. Joto huharakisha tu. Kazi yenyewe hufanywa na vimeng'enya, yaani protini zinazochochea mabadiliko ya kikemikali, vilivyomo ndani ya tunda. Tende inapotoka hatua ya khalal, ikiwa bado ngumu, kuingia rutab, ikiwa imelainika, vimeng'enya vinavyovunja pektini na selulosi (vitu vinavyojenga kuta za seli) hulegeza kuta hizo, na kimeng'enya kiitwacho invatesi huvunja sukrosi kuwa glukosi na fruktosi. Tanini nazo, zinazoleta ukakasi mdomoni, huacha kuyeyuka, ukakasi ukaisha. Aina ya tende iitwayo Deglet Noor hubaki na sukrosi nyingi kwa sababu invatesi yake ni hafifu, jua liwe kali vipi! Mnaogandisha khalal kwenye friza, zikiyeyuka barafu hulainika bila jua: nani mwingine ameliona hilo?