Huo Si Utani, Kawaulizeni Wangoni

Alhamisi jioni ukungu ulishaanza kushuka kutoka mlima Loleza hapa Mbeya na mimi nafagia duka nifunge. Akaingia binti mmoja, kofia pana kichwani, koti zito, mwavuli mkononi.

"Shikamoo, mama."

Nina miaka thelathini na sita, sijui nimemzaa lini. Lakini ndivyo wanachuo wa mtaa huu walivyo, ukiwa na mashine ya fotokopi basi wewe ni mama. Nikaitikia marahaba. Akasema anaomba kuprinti picha, na ziwe za rangi. Akanirushia kwa WhatsApp. Nikazihesabu: skrinishoti 27.

Ya kwanza ni picha yake mwenyewe, kapigwa kwa nyuma akiwa kwenye foleni ya chakula, wameigeuza stika na kuiandika bei. Siandiki ni shilingi ngapi, sitaki kuisaidia hiyo bei kusafiri. Ya pili, mtu ametangaza kwenye grupu la darasa kwamba "Dili limeingia ukumbini". Ya tano, mwingine anauliza nani ana namba ya mganga wagawane. Chini yake vicheko, vicheko, vicheko. Nilihesabu emoji kumi na tisa za kulia kwa kucheka mpaka nikaacha.

Ndiyo, binti ana ualbino. Amenipa ruhusa ya kuandika, na kila kinachoweza kumtambulisha nimekibadilisha au nimekiacha, chuo kikiwemo. Mkinifuata inboksi kuuliza ni chuo gani, mtachoka.

Nikamuuliza anapeleka wapi karatasi zote hizo. Kumbe alishakwenda ofisini kwao mara ya kwanza akiwa na simu yake tu. Wakaziangalia, wakacheka kidogo (kidogo tu, kwa adabu), wakamwambia, "Mpuuze mwanangu, hao wanakutania. We komaa na kitabu umalize." Alipong'ang'ania, wakasema basi alete ushahidi wa karatasi. Kwa hiyo mtoto wa watu anatoa hela ya bumu, mkopo wake wa chuo, kuprinti matusi yake mwenyewe, tena kwa rangi, kwa sababu nyeusi na nyeupe haionyeshi stika vizuri. Nchi hii ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki tangu 2015, mahakama zinapokea ushahidi uliomo kwenye simu. Ofisi ya chuo ndiyo inataka karatasi.

Lakini hilo la karatasi silo lililonikosesha usingizi. Ni lile neno. Wanakutania.

Mimi ni Mhehe wa Kilolo. Nimezaliwa ndani ya utani, nimeolewa kwenye utani, na nikifa mnajua watakaokuja kunichezea msibani. Babu zetu na Wangoni waliuana kweli kweli karne ya 19, vita si hadithi, na kutoka kwenye damu ile wakajenga utani. Mngoni akiniona sokoni Mwanjelwa ananiuliza leo nimekula mbwa gani. Namjibu palepale, tena namjibu vibaya kuliko alivyoanza, na watu wanacheka wote, mimi na yeye. Utani una midomo miwili. Ukiona mmoja anasema na mwingine ameinamisha kichwa, tafuta jina lingine.

Halafu mtani ana deni. Baba yangu alipofariki, shemeji zetu wa Kingoni walifika asubuhi na mapema, mmoja akavaa koti la marehemu akawa anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anagombeza watu kama yeye. Mama alicheka siku ile, mara ya kwanza tangu hospitali. Mwingine akaingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka alipwe. Tulimlipa. Baadaye ni wao hao walioshika majembe wakafukia, jasho linawatoka, na jioni wakakaa na mama mpaka usiku mkubwa. Huyo ndiye mtani: anakudhihaki, na anakuzika.

Sasa niambieni. Kati ya hao wenye emoji kumi na tisa, nani angeshika jembe kwa ajili ya binti huyu? Nani aliwahi kukaa naye hata meza moja kantini? Yeye anaruhusiwa kuwajibu nini? Akimwandikia mmoja wao bei, atamwandikia shilingi ngapi? Hana la kuwarudishia, maana wao viungo vyao havijawahi kuwa na soko. Vyake vimewahi, na bado.

Mei 2024 mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino aliporwa nyumbani kwao Muleba, Kagera. Juni mwili wake ukapatikana, umekatwa viungo. Si enzi za mkoloni, ni juzi, na hawa wanachuo wote walikuwa na simu mkononi, waliiona habari, wengine nadhani waliweka na alama ya mshumaa kwenye stetasi. Mwaka 2009 Waziri Mkuu Pinda alilia bungeni kwa suala hilihili. Hiyo bei kwenye stika hawakuibuni wao. Waliirithi kwa wauaji, wakaiwekea vicheko.

Mengine nitayapita haraka kwa sababu yananichosha. Kazi za makundi hakuna anayemwita, anabaki mpaka mwalimu amsukumize kwa walioshindwa kumkataa. Aliyekuwa analala naye chumba kimoja amehama, eti mama yake kasema. Na hosteli wamemhamishia chumba cha peke yake mwishoni mwa korido "kwa usalama wake", usalama ambao unahitaji akae mbali na kila mtu atakayemsikia akipiga kelele. Kofia na mwavuli navyo wanavicheka: Mbeya hii ya baridi, jua la nini? Wasomi! Tuko kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda juu miale inayounguza ngozi inazidi, hata kama umevaa makoti mawili. Hospitali ya KCMC kule Moshi hawatengenezi mafuta maalumu ya jua kwa watu wenye ualbino ili wapendeze.

Haya, nami nikubali kidogo, ingawa sipendi. Ofisi ile ina wanafunzi maelfu na watumishi wa kuhesabu kwa vidole. Na wengine kwenye lile grupu ni watoto wa miaka ishirini ambao wangeona aibu wakikalishwa chini na mtu mzima mmoja mwenye sura ya kazi. Sawa. Ila huyo mtu mzima yuko wapi? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haikusema "isipokuwa ukiwa na miaka ishirini". Kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumtesa moyo ni faini isiyopungua milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Na Katiba, ibara ya 13 ya usawa mbele ya sheria, mnaisoma mwaka wa kwanza ninyi wenyewe, nawaprintia mimi.

Nilimuuliza binti kama kuna hata mmoja aliye upande wake. Akafikiri. Kuna CR, yaani kiongozi wa darasa, kijana wa Kyela, aliandika kwenye grupu "hii stika ifutwe" na akatukanwa siku mbili, lakini hajaifuta kauli yake. Kuna msichana mmoja anayemsubiri baada ya kipindi cha jioni watembee wote mpaka getini. Na kuna mwalimu aliyeanza kumpa maswali yenye herufi kubwa bila kumtangaza mbele ya darasa. Basi. Watatu. Alivyowataja, nilidhani anataja ukoo mzima.

Nikamwonyesha vitu viwili ninavyovijua kwa kazi yangu: skrinishoti ionyeshe namba ya mtumaji na tarehe, siyo jina tu alilomsevu yeye, na asifute kitu kwenye simu hata kama kinamchefua, picha peke yake watasema imechezewa. Sita kati ya zile 27 tulizirudia. Bei ya rangi ni 500 kwa ukurasa. Nikamtoza nusu, na mpaka leo hiyo nusu inanikera.

Alipokuwa anaziweka kwenye bahasha nikamuuliza ofisini anakwenda na nani. Akasema peke yake, wazazi wako mbali na hajawaambia, mama yake ana presha. Nikamwambia aniandikie saa.

Kwa hiyo wateja wangu, Jumatatu saa tatu asubuhi duka litakuwa limefungwa, sijui mpaka saa ngapi. CR wa Kyela anakuja, yule msichana anakuja, na mimi nimeshatoa kitenge na viatu vya kanisani. Mwenye haraka na ripoti yake ya fildi aende kwa jirani hapo pembeni, naye anatoza kama mimi.