Sikuita Ambulensi, Jamani

Kwa kuwa shoga yangu wa dawati la pili keshairusha kwenye kundi la WhatsApp, na chumvi juu, kwamba jana niliita ambulensi bure, acheni niseme mwenyewe. Sikuita ambulensi. Nilishika simu ya kuitia, basi.

Mnaoijua kazi yangu mnaijua, ya kupokea simu za wagonjwa: mgonjwa simwoni, simgusi, nina masikio na fomu ya maswali tu. Jana saa nne usiku kapiga mzee mmoja. Shikamoo, marahaba mwanangu, tumbo linanisokota tangu mchana. Kutapika, hapana. Homa, hapana. Nikafika kwenye swali la choo. Tulifundishwa kusema "haja kubwa". Mimi mjuaji nikaona inanichelewesha.

"Mzee, choo unapata?"

"Choo ninacho, mwanangu. Ila tangu Ijumaa kimeziba."

Tumbo linasokota, choo kimeziba siku 4! Kichwani mwangu utumbo ulishajifunga fundo. Swali linalofuata hapo ni hewa, maana utumbo ukiziba kabisa hata upepo haupiti. Nikameza mate. Kumuuliza mtu wa umri wa babu yako kama anajamba si mchezo.

"Samahani mzee, hewa je, inatoka?"

"Inatoka vizuri tu. Kuna bomba."

Bomba! Nikampungia mkono daktari wa zamu, kaja mbio na chai yake, nikaweka spika. (Spika, ndugu zangu. Kwa mkono wangu huu huu.)

"Hilo bomba liliwekwa hospitali gani, mzee?"

"Hospitali ya nini? Fundi tu, wa hapa mtaani."

Chumba kizima kimya. Daktari akaweka kikombe chini. "Muulize rangi," akaninong'oneza, maana choo kikiwa cheupe huenda nyongo haifiki kwenye utumbo.

"Choo chenyewe kina rangi gani?"

"Cheupe. Nilikipaka chokaa Krismasi."

Ninyi hapo mngeshtuka. Mimi niliandika. Niliandika CHOKAA kwenye fomu, kwa herufi kubwa, nikapiga na mstari chini, huku nawaza maskini, nani kampa mzee wa watu chokaa. Mkono wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye simu ya ambulensi.

"Mzee," nikasema, kwa ile sauti yangu ya kazi mnayoijua, "huyo fundi alikufanyia nini hasa?"

"Alichimba futi 12, akajengea tofali, juu ya bomba akaweka wavu wa nzi. Sasa bibi afya, gari la kunyonya mnaleta saa ngapi?"

Daktari alikaa chini. Sakafuni. Kuna mtu nyuma yangu alitoa sauti kama mbuzi, na namjua ni nani, ndiye huyo huyo wa WhatsApp. Mzee alidhani nimehamia kwenye Nyumba ni Choo, ile kampeni ya vyoo bora, na haki alikuwa nayo.

Akaulizwa upya, na daktari, kwa "haja kubwa". Kumbe anaharisha tangu mchana, choo ndiyo hivyo, anakimbilia kwa jirani. Akaelekezwa kuchanganya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, na akiona damu aende zahanati. Kwisha.

Fomu yangu imebandikwa kwenye friji ya ofisi. Asubuhi hii mzee kapiga tena, hajambo kabisa, anamtaka "yule binti wa vyoo". Shoga, kama unasoma hapa, mwambie nimetoka.