Acheni Kuichemsha Nyama ya Kusaga

Jumanne, saa mbili kasoro usiku, wifi yangu ananitumia picha. Hakuna salamu wala "za jioni", picha tu. Bakuli la kioo la kuokea limejaa kitu cha rangi ya chungwa, kwenye kona moja mafuta yamejikusanya kama dimbwi, na katikati umesimama mwiko. Umesimama wenyewe, haujashikwa na mtu. Chini ya picha kaandika: "Wifi, hiki chakula chako kimekuwa matope."

Chakula changu! Mimi nilichofanya ni kumwambia tu, katika mazungumzo ya kupitisha muda, kwamba siku nikirudi nimechoka napika nyama ya kusaga na chipsi za tortila (vile vipande vikavu vya mkate wa mahindi vilivyokaangwa, si chipsi za viazi) kwenye oveni, na watoto wanakula bila kesi. Basi. Yeye akaingia kwenye simu kutafuta maelekezo, akakutana na video fupi ya kaka mmoja mwenye tabasamu na aproni isiyo na doa hata moja. (Mpishi mwenye aproni isiyo na doa mimi namwogopa.) "Dakika 30 tu, bila kuchafua kikaango!" Nyama mbichi inatandazwa chini ya bakuli. Kopo la nyanya linamiminwa juu yake pamoja na maji yake yote. Mfuko mzima wa chipsi, jibini, foili juu, oveni. Kisha video inaruka, na tunaonyeshwa bakuli linalotoka limekauka vizuri, chipsi zimesimama wima kama askari wa gwaride. Naapa lile si bakuli lile lile.

Niliitazama mara tatu. Mara ya kwanza nikacheka. Mara ya tatu nikawa nimekasirika kweli.

Chakula cha siku ya kazi kinaruhusu uvivu karibu kila mahali, na mimi ni wa kwanza kuutumia. Maharage ya kopo? Fungua, suuza, tia. Mahindi ya kopo? Hayo hayo. Chipsi zenyewe umezinunua, hukukaa kukanda unga. Uvivu umekatazwa sehemu moja tu, na ndiyo hiyo hiyo ambayo kaka wa aproni ameiruka huku akitabasamu: kuikaanga nyama mpaka maji yake yaishe.

Nyama ikishasagwa ni nyama iliyokatwa kila upande, na kila mkato ni mlango wa maji kutokea. Ukiibwaga nusu kilo kwa mpigo mmoja kwenye kikaango kidogo, kikaango kinapoa, maji yanachuruzika, na nyama inaanza kuogelea. Haikaangiki hapo, inachemka. Maana maji yakiwepo, joto la pale chini linagoma kwenye nyuzi 100, na nyama haianzi kupata ile rangi ya kahawia, yenye harufu inayowatoa watu vyumbani bila kuitwa, mpaka ifike kama nyuzi 140. Ndiyo maana unaona nyama ya kijivu, imejikunja vipunjepunje, haina harufu ya maana. Halafu mtu anaongeza chumvi. Anaongeza kiungo cha paketi. Anaongeza paketi ya pili. Hakukosa viungo huyo, alikosa dakika 8.

Mimi siitazami, naisikiliza. Mwanzoni sauti ni nzito, bwabwabwabwa, ya kitu kinachotokota. Hayo ni maji. Usiguse, usikoroge, kata kitunguu chako. Baada ya muda, na muda wenyewe unategemea nyama na upana wa kikaango, sauti inabadilika. Inakuwa nyembamba na kali, tatatata, kama mvua inapoanza juu ya bati. Hapo maji yameisha na mafuta yameshika kazi. Sasa ndiyo iache kidogo tena, hata kama mkono unawasha kukoroga, mpaka upande wa chini ushike ukoko. Igeuze kwa mapande, kama unageuza mkate, ndipo uivunjevunje. Wengi wanaivunjavunja tangu sekunde ya kwanza utafikiri nyama imewatukana.

Kisha kitunguu, kisha kitunguu saumu. Mafuta yakiwa mengi mwaga, lakini usiyamwage yote, bakiza kama kijiko kimoja na nusu, kwa sababu bizari nyembamba na unga wa pilipili vinatoa ladha yake vikikutana na mafuta ya moto. Vikikutana na maji vinalala tu. Viache dakika moja humo. Halafu nyanya ya kopo ile nzito, vijiko viwili, uikaange nayo mpaka iache wekundu wa kung'aa na kuelekea rangi ya tofali. Baada ya hapo ndipo nyanya za majimaji ziingie, na hata hizo uzikaushe mpaka ukipitisha mwiko katikati ya kikaango njia ibaki wazi, isijifunge mara moja. Ikijifunga, bado. Hiyo ndiyo alama yangu, sina nyingine.

Kwa nini nakazania maji namna hii? Kwa sababu ya chipsi, jamani. Chipsi ya tortila ni nini? Ni mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, yakasagwa, yakafinyangwa, yakapikwa, halafu yakatiwa kwenye mafuta ya moto mpaka karibu maji yote yakimbie. Umechukua kitu kilichokaushwa kwa nguvu zote hizo, umekiweka juu ya dimbwi, umekifunika foili mvuke usitoke, umekipa nusu saa. Ulitarajia nini? Kina kiu kile. Kitakunywa.

Sasa najua watakaokuja na hoja ya chilaquiles. Sawa, nawapa. Kule Meksiko kuna vipande vya tortila vilivyokaangwa vinavyotiwa kwenye mchuzi wa pilipili na nyanya makusudi vilainike, na ni chakula kitamu ambacho watu wanakila asubuhi kwa heshima zake zote. Kulainika peke yake si dhambi. Lakini chilaquiles zinatiwa kwenye mchuzi ulioiva tayari, zinageuzwa zikapata mchuzi, zinaliwa hapo hapo, zikiwa laini lakini bado zina mwili. Hakuna anayezifunika nusu saa juu ya nyama mbichi. Kwa hiyo ndiyo, mimi mwenyewe naweka konzi mbili za chipsi zilizovunjwa chini kabisa, zinywe mchuzi, zishike bakuli. Hizo nimezitoa sadaka nikijua. Za juu ni suala jingine.

Tena kama mnataka mfano wa urahisi wa kweli, mnamjua Ignacio Anaya? Wenzake walimwita Nacho, mtu wa Piedras Negras, mpakani mwa Meksiko na Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, kama hadithi inavyosimuliwa, akina mama kadhaa kutoka ng'ambo ya mpaka waliingia kwenye mgahawa aliokuwa akifanya kazi, wana njaa, na mpishi haonekani. Akaingia jikoni mwenyewe. Akachukua tortila, zikakatwa na kukaangwa, akatia jibini juu, akapitisha kwenye moto jibini iyeyuke tu, akamaliza na vipande vya pilipili ya jalapeño, akapeleka mezani. Leo dunia nzima inalitaja jina lake ikila nachos, wengi bila kujua kwamba ni jina la mtu. Huyo alikuwa na haraka kuliko mimi na wewe, wateja wamekaa wanasubiri, na bado hakuzichemsha chipsi zake. Alizipa moto kwa kiasi cha jibini kuyeyuka, basi.

Na hicho ndicho kinachonichekesha kuhusu ile "dakika 30". Ukiikaanga nyama kwanza, oveni haina la kupika. Kila kitu kimeiva. Washa nyuzi 200 wakati unakata kitunguu. Chipsi za sadaka chini, nyama na maharage juu yake, nusu ya jibini, ingiza dakika 8. Toa, chomeka chipsi nzima nzima juu, nusu iliyobaki ya jibini, rudisha dakika 3 au 4 bila kufunika, na usiondoke hapo maana zinaungua ukipepesa jicho. Muda wenyewe haupishani sana na wa kaka wa aproni. Tofauti ni kikaango kimoja cha kuosha. Kikaango kimoja! Ndicho alichotuokoa nacho.

Isitoshe nyama ya kusaga si ya kubahatisha. Kipande kizima cha nyama vijidudu vyake viko juu juu, moto unavikuta. Ukikisaga, vya juu vimeingia ndani. Ndiyo maana inatakiwa ifike nyuzi 71 mpaka katikati. Tandazo nene la nyama mbichi chini ya nyanya za baridi, nani amelipima?

Kuhusu jibini: ya kukwaruza mwenyewe inayeyuka vizuri zaidi, kwa sababu ile iliyokwaruzwa ya paketi inapakwa wanga kidogo isishikane, na wanga huo unajionyesha bakulini. Hayo nimeyasema. Jumanne usiku mimi pia natumia ya paketi, tuache unafiki.

Supu ya uyoga ya kopo kama "mchuzi" wa kaseroli, yaani chakula cha bakuli la oveni kama hiki: hapana, na sitaki mjadala.

Parachichi, kotimiri, maziwa ya mgando, ndimu: vyote baada ya oveni, mezani, vya baridi. Aliyetia parachichi kwenye oveni ajitafakari.

Na msidhani naongea kama malaika. Kuna siku niliamua kuwa mjanja kuliko jikoni, nikapanga bakuli zima usiku, chipsi na kila kitu, nikalitia kwenye friji ili kesho nirudi niingize tu. Kesho yake nilikuta kitu ambacho ningeweza kukikunja kama blanketi. Mwanangu wa pili aliinua kipande kwa ncha ya uma, kikaning'inia, akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, hii ni ya kula?" Nikajifunza. Siku hizi napika kilo nzima ya nyama siku ya mapumziko, nusu inaingia friji na inakaa siku 3 bila wasiwasi, na chipsi hazitoki mfukoni mpaka nisikie funguo za baba yao mlangoni. Zikitoka mapema hazifiki mezani hata hivyo. Huyo huyo wa pili anazing'oa juu moja moja, anatuachia jibini yenye upara.

Lakini kilichoniuma kwenye picha ya wifi yangu si bakuli. Ni ujumbe wa pili, uliokuja kama dakika kumi baadaye, nilipokuwa bado nacheka. "Mimi basi tu, sijui kupika." Huyu ni mtu aliyetoka kazini saa kumi na mbili jioni, amesimama jikoni na viatu bado mguuni, amefuata maelekezo hatua kwa hatua, hakuruka hata moja, kisha bakuli likatoka matope na lawama akajibebesha yeye. Yule kaka hatamwona. Video yake itaendelea kuzunguka, watu wataendelea kumwagia nyanya juu ya nyama mbichi, na kila mmoja peke yake, jikoni kwake, atadhani kasoro iko mikononi mwake. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Ukimwambia mtu aliyechoka kwamba jambo ni rahisi, na ukamficha ile sehemu moja inayotaka umakini, umemwibia jioni yake na nyama yake.

Nilimpigia. Nikamweleza habari ya sauti. Akanisikiliza kama mtu anayesikiliza mahubiri, yaani "ehe, ehe," huku anafanya mambo mengine.

Alhamisi simu ikaita. Nikapokea, sikusikia mtu, nikasikia kelele tu, bwabwabwa, kama redio iliyopoteza masafa. Nikasema haloo mara mbili. Kwa mbali sauti yake: "Wifi, nimeiweka simu karibu na kikaango. Tayari?"

"Bado."

Tukakaa kimya wote wawili. Mimi nilikuwa nakunja nguo, nikaendelea kukunja. Shati, shati, suruali ya shule. Yeye nikamsikia akimfukuza mtoto jikoni. Halafu ile kelele ikaanza kukatika, ikawa nyembamba, ikawa kali.

"Wifi," akasema, "imebadilika."

"Nimesikia. Usiiguse."

"Nisiiguse mpaka lini?"

"Wewe usiiguse tu."