Si Banda la Njiwa

Leo asubuhi mjumbe wetu wa mtaa kaingia sebuleni, kasalimia vizuri, "Kamwene, Baba Tumaini," kakaribishwa chai, kakaa. Hata kikombe hajakigusa, akakodolea macho ukutani, juu ya redio, akaniuliza:

"Hao njiwa wanakuja lini?"

Nikamwambia lile si banda la njiwa. Akainuka, akaingiza vidole vitatu kwenye tundu, akatikisa kichwa. "Kweli. Njiwa hapiti hapa. Ni chiriku?"

Mimi ni mtu mzima. Nina miaka 19 natunza hesabu za duka la pembejeo, mbolea ya kupandia na ya kukuzia zote zinapita kwenye daftari langu, na sijawahi hata siku moja kudhaniwa mfuga chiriku. Lile ni shubaka la mvinyo, la kulazia chupa. Neno nimelitafuta kwenye kamusi. Na nimelitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, ukiondoa mikono ya watu wengine kama tisa hivi ambao nitawafikia.

Chanzo ni kamati ya harusi. Nilikuwa mweka hazina, na kazi hiyo mnaijua: ahadi laki, mkononi elfu kumi, mpambaji anapiga simu saa tano usiku. Siku ya kuvunja kamati wakanipa shukrani, chupa moja ya mvinyo mwekundu wa Dodoma, imefungwa utepe. Mimi ni mtu wa chai. Lakini chupa yenye utepe huwezi kuisukuma uvunguni ikakae na dumu la mafuta ya taa. Ikawekwa juu ya friji. Friji ikiunguruma chupa inatetemeka, na mimi natetemeka nayo.

Ndipo nikaona kwenye simu Mmarekani mmoja anaunda kitu cha kulazia chupa. Dakika 8, kamaliza, tena anacheka. Nikajiuliza: mtu unakaa Iringa, kilomita kama 80 tu ufike Mafinga, msitu wa Sao Hill, mkubwa kuliko misitu yote ya kupandwa nchini, uko kama uwani kwako, halafu ushindwe mbao na Mmarekani? Nisichokiona ni kwamba yule bwana kwenye ile video hana majirani.

Mbao nilipata. Msindano, moja kwa nane vipande vinne, mbili kwa mbili vitatu, futi 12. Bei nilimtajia Mama Tumaini nusu. Zilikuwa zimepasuliwa kwa dingidongi, ile mashine ya kupasulia magogo, kwa hiyo upande huu inchi moja, upande ule robo tatu, katikati ni siri ya mpasuaji. Nikamuuliza muuzaji kama zimekauka. "Kavu kabisa hizo, mzee." Kijana wa mkokoteni aliyenishushia alikuwa amelowa bega zima, na mvua hatujaiona tangu mwezi wa tano.

Zana nilikuwa nazo: msumeno, nyundo, futi kamba. Kilichokosekana ni cha kutobolea tundu la ukubwa wa chupa. Basi nikabeba mbao, nikabeba na chupa yenyewe kwa ajili ya kipimo, nikaenda kwa fundi seremala huku Kihesa.

Nilimkuta anapiga randa kifuniko cha jeneza. "Ngoja nimalizie ya huyu," akasema, "wanazika saa nane." Nikakaa kwenye benchi, chupa mapajani kama mtoto wa kliniki. Pembeni yangu babu mmoja alikuwa anasubiri kigoda chake kitiwe mguu. Vijana wawili walikuwa kwenye drafti. Mama wa vitumbua alikuwa na beseni lake mlangoni.

Fundi akapuliza maranda kwenye mikono. "Enhe, bosi."

"Nataka unitobolee shubaka la mvinyo. Matundu 12."

"Una chupa ngapi?"

"Moja."

Akaweka randa chini. "Hiyo chupa inakaa imesimama?"

"Inalala."

"Imefanya kazi gani?"

Drafti ikasimama. Sasa hapo mwenye akili angesema "basi tu" akalipa akaondoka. Mimi nikasimama. Nikakohoa kidogo, kama ninavyofanya nikisoma mapato na matumizi. "Ndugu zangu," nikasema, "kizibo cha mvinyo ni gome la mti. Mti wenyewe unamea huko Ureno. Chupa ikisimama muda mrefu, kizibo kinakauka, kinasinyaa, hewa inapenya, mvinyo unageuka siki. Ikilala, mvinyo wenyewe unakilowesha kizibo usiku na mchana."

Kimya. Mama wa vitumbua alisahau kufunika beseni. Nakiri nilijisikia vizuri.

Babu akanyoosha mkono. "Hebu nilione hilo gome la Ureno."

Nikampa. Akafungua utepe polepole, akaukunja, akautia mfukoni kwake. Akaishika chupa shingoni. Akazungusha.

Krrrk.

Kifuniko cha bati. Cha kuzungusha, kama cha dawa ya kikohozi. Babu akakiweka kiganjani, akakigeuza huku na huku, akanionyesha. Hakusema kitu. Angesema ningepata pa kujitetea.

"Ishafunguka," akasema kijana wa drafti, kwa huzuni ambayo sikuiamini.

"Itaharibika," akasema mwenzake.

"Si ndiyo hewa yenyewe hiyo inapenya?" akauliza mama wa vitumbua, na kikombe cha plastiki kikatokea, sijui kilitoka wapi.

Babu alianza kwa kunusa. Akaonja. Akafumba macho. "Siyo mbaya," akasema, "ila ni ya mgonjwa. Kitu gani kinahitaji kulazwa ili kipone? Ulanzi, pombe yetu ya mwanzi, ukiugema asubuhi ni togwa, hata mtoto unampa. Keshokutwa ni mkangafu, huo hata wewe bosi utauamkia. Ukiutia kwenye dumu ukakaza kifuniko, dumu linavimba, linapasuka. Kinywaji kizima hakilali, kinahangaika!" Wote wakakubali. Nilitaka kujibu kuhusu mvinyo na miaka, lakini kikombe kilikuwa kimeshanipita mara mbili. Mama wa vitumbua akasema yeye hanywi pombe, anaonja tu zabibu, akaonja zabibu mara tatu. Fundi akanywa mwisho, ili mkono utulie. Mimi nilipata pale chini palipobaki, pa kulowesha ulimi.

Kisha fundi akanirudishia chupa tupu kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Unene haujabadilika, bosi. Tena hivi ni nyepesi kuchorea."

Akachomoa penseli sikioni, kipande kifupi kama jino la mtoto, akakichonga kwa patasi, akasimamisha chupa juu ya ubao na kuizungushia mstari. Duara nne za kwanza zilikuwa duara. Zilizofuata zilikuwa na maoni yao. Umeme ukakatika jigso ikiwa kwenye tundu la tano, yaliyobaki yakatobolewa kwa patasi, huku babu akielekeza.

Kwa haki yake, fundi alinionya. Alibonyeza ubao kwa kidole gumba, akanionyesha utomvu. "Hii juzi ilikuwa mti. Zipange kivulini, weka vijiti katikati hewa ipite, ziache mwezi na zaidi, ndipo urudi." Nikamwambia yule Mmarekani hakusubiri mwezi.

Kupigilia misumari nisiongelee. Kidole kimeshapona. Vanishi ilikauka na nzi wawili ndani.

Siku nilipolitundika nikaingiza ile chupa tupu tundu la tatu, nione inavyolala. Ikaingia sawasawa, bila kucheza. Nikamwita Mama Tumaini aje aone. Akaja, akaona, akarudi jikoni. Kumbe ubao mbichi ukikauka unasinyaa kwa upana, kwa urefu unabaki vilevile, maana yake tundu la duara linageuka yai. Wiki tatu baadaye chupa haitoki. Nimepaka mafuta ya alizeti. Nimemwaga maji ya moto. Shemeji yangu, mtu wa kubeba magunia ya viazi, kavuta mpaka ukuta ukatoa vumbi. Na matundu 11 yaliyobaki hayaingizi chupa yoyote iliyotengenezwa na binadamu. Yanaingiza kifimbo cha chapati, soksi, mwavuli wa mkunjo, na stakabadhi za luku ambazo Mama Tumaini anazikunja kama sigara. Wakati wa baridi hii ameshaniuliza mara mbili kama msindano unawaka vizuri. Anajua unawaka vizuri. Kazaliwa Mufindi, huko huko kwenye msitu!

Haya yote nikamweleza mjumbe. Nikamweleza gome, siki, upana na urefu. Alisikiliza mpaka chai ikapoa. Akainuka, akashika shingo ya chupa, akavuta, akaachia.

"Kwa hiyo," akasema, "chiriku mnamnywesha humu?"

Nikamlipa mchango wa taka, aende. Chenji hana, atanikumbuka mwezi ujao. Na sasa hivi simu imelia, nimeunganishwa kwenye kundi, watu 143, picha ya pete mbili na moyo. Mdogo wake yule bwana harusi naye anaoa. Wameandika, "Tunaomba mweka hazina awe yuleyule, alitufaa sana." Nimetoka. Wamenirudisha. Nimetoka tena. Sasa bwana harusi mwenyewe anapiga, na kwa nyuma namsikia mama yake akisema nikumbushwe kwamba zawadi ilikuwa nzuri.